Wana Kigoma, tunapojadili vita ya Kongo tuache kupima pua za watu

#1 Mleta uzi (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa Mwanga, Gungu, Katubuka, Bangwe, Ujiji, mpaka ndugu zetu wa Buhigwe na Kakonko.

Tangu M23, waasi wanaoongozwa na Watutsi wa Kongo, waingie Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, hakuna kijiwe hapa mjini kisichozungumzia Kongo. Na tuna haki ya kuzungumza. Kalemie iko ng'ambo ya maji. Uvira ni safari ya boti. Vitenge tunavyouza vinatoka huko, saruji na unga vinaenda huko. Mizigo ikikwama, mpagazi wa bandarini analala njaa kabla hata habari haijafika Dar. Kwa hiyo asitokee mtu kutuambia mambo ya Kongo hayatuhusu.

Ninachopinga ni pale mjadala unapoishia. Unaanza na M23, unapita Kigali na Kinshasa, kahawa ya pili haijaisha umeshakuwa mjadala wa pua, urefu na lafudhi. "Hawa watu ndivyo walivyo." "Hawa hawaaminiki tangu zamani." Hawa akina nani? Ukiuliza hivyo tu, umetumwa. Umelipwa. Wewe nawe ni mmoja wao.

Nieleze nilichokiona kwa macho. Kijiwe cha kahawa karibu na soko la Mwanga, mwezi uliopita. Pale huwa anakaa kijana fundi simu, Muha wa Kasulu kwa baba na mama, mrefu, mwembamba. Siku hiyo mazungumzo yalikuwa ya Bukavu. Mzee mmoja akamgeukia: "Wewe si wa kwao? Hebu tuambie mmebakiza wapi." Watu wakacheka. Kijana alikuwa na bisibisi mkononi na simu ya mteja imefunguliwa gotini. Akajibu kwa adabu, "Shikamoo mzee, mimi ni wa Heru Juu." Mzee akamwambia, "Wote husema hivyohivyo." Kijana akarudisha skrubu moja moja kwenye ile simu ambayo hajaimaliza, akaitia kwenye kiboksi chake, akaaga, akaondoka. Mpaka leo anatengeneza simu za watu upande mwingine wa soko.

Lile jibu la mzee ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. "Jeshi la Rwanda liko Kivu", yaani mashariki mwa Kongo, ni kauli unayoweza kuithibitisha au kuikanusha: kuna ripoti, kuna picha, kuna mashahidi. "Wote husema hivyohivyo" haina jibu. Kijana katoa mpaka kata yake na haikumsaidia. Angetoa cheti cha kuzaliwa angeambiwa ni cha kughushi. Angenyamaza angeambiwa kimya chake ni ushahidi. Mtu akishawekwa hapo hana pa kutokea.

Msimamo wangu kuhusu vita yenyewe nauweka wazi, nisije nikaambiwa nimejificha. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika zaidi ya mara moja kwamba Rwanda inawasaidia M23. Februari 21, 2025 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2773 likilitaka jeshi la Rwanda liache kuwasaidia na liondoke Kongo. Kigali inakanusha, inasema inajilinda dhidi ya FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda walioko Kongo. Mimi nawaamini wataalamu. Naamini pia kwamba serikali ya Kinshasa imewatumia FDLR na makundi ya wenye silaha, na raia wa Kivu wanaumia kwa pande zote. Wanajeshi wetu nao walimwaga damu kule. Mwaka 2013 walikuwa kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyosaidia kuwashinda M23 wa wakati ule, na Desemba 2017 huko Semuliki, Kivu Kaskazini, tulipoteza zaidi ya kumi kwa shambulio moja. Kwa hiyo hasira ipo, na naijua. Semeni Kagame, semeni Tshisekedi, semeni majenerali kwa majina yao. Hayo ni mambo ya serikali na majeshi, na mtu mzima anaruhusiwa kuyasema kwa ukali.

Lakini eneo letu hili limeshaona maneno ya "hawa ndivyo walivyo" yanafika wapi. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Kigali Julai 1993. Ilikuwa na muziki mzuri na watangazaji wachangamfu, vijana wakaipenda. Kufikia Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, ilikuwa inawaita Watutsi mende na kutaja watu kwa majina na mahali walipojificha. Kesi yake ilisikilizwa kwetu, Arusha. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Rwanda (ICTR) iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waasisi wa redio hiyo, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, ila hakuna aliyeachiwa. Watu walifungwa miongo kwa ajili ya yale yaliyosemwa hewani na kuandikwa gazetini, enzi ambazo kusambaza neno kulihitaji mtambo. Leo kila mmoja wetu ana mtambo mfukoni.

Kongo nako hivyohivyo. Wanyamulenge, Watutsi wa Kivu Kusini, walikuwa kwenye milima ya juu ya Uvira, Fizi na Mwenga kabla Mbelgiji hajafika. Sheria ya uraia ya Zaire ya mwaka 1981 ikawafanya wageni. Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini akawapa wiki moja wawe wameondoka, na vita ya kwanza ya Kongo ikalipuka kutokea hapohapo. Agosti 1998, vita ya pili ilipoanza, Abdoulaye Yerodia, mtu wa karibu wa Rais Laurent Kabila, aliwafananisha Watutsi na vijidudu vya kuangamizwa. Ubelgiji ikatoa hati ya kumkamata mwaka 2000, wakati huo ni waziri wa mambo ya nje. Februari 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua kwamba waziri wa mambo ya nje aliye madarakani ana kinga. Yeye akapona. Waliochomwa moto kwenye mitaa ya Kinshasa kwa sababu ya sura zao hawakupata kinga yoyote.

Na usiku wa Agosti 13, 2004, Gatumba, upande wa Burundi, karibu kabisa na Uvira: wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, wanawake na watoto, waliuawa kambini. Wapiganaji wa FNL, waasi wa Kihutu wa Burundi, walikiri wenyewe. Waliouawa hawakuwa jeshi la mtu. Walikuwa wamekimbia vita.

Sasa turudi kwetu sisi Waha, maana hapa ndipo ninaposhangaa zaidi. Muha akifika Mwanza au Dar na kusema kwao ni Kibondo, swali la kwanza ni kama yeye ni Mrundi. Basi likisimamishwa kwenye kizuizi, sisi ndio tunaoambiwa tushuke, tutaje majina ya babu na shule ya msingi tuliyosoma. Ndugu zetu Wamanyema wa Ujiji, ambao babu zao walishajenga mji ule karne ya kumi na tisa, bado kuna watu wanawaita Wakongo. Tunaujua uchungu huo kwa undani. Leo tunamshushia mwenzetu uleule, mbele ya watu, na tunacheka.

Mji huu unajua kufanya vingine. Mei 2015 Burundi ilipochafuka, watu walijazana Kagunga, kijiji kile kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia. MV Liemba ikawa inawabeba mpaka hapa, wanapumzishwa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa Nyarugusu. Nilikuwa bandarini siku hizo. Swali lililokuwa likiulizwa pale ni nani ana mtoto anayeharisha. Sikusikia mtu akiuliza Mhutu ni yupi na Mtutsi ni yupi.

Naomba michango. Atakayetukana kabila la mtu simjibu.

#2 Mdau wa Ujiji

Nimesoma mwanzo mwisho. Umeandika vizuri, ila kuna upande umeupita mbio.

Bibi yangu mzaa mama ni Mbembe wa Fizi. Umetaja Gatumba, sawa. Makobola je? Desemba 30, 1998 mpaka siku za mwanzo za Januari 1999, askari wa RCD, waasi wa Kongo waliokuwa wanasaidiwa na Rwanda, waliua mamia ya raia, nyumba zikachomwa. Kasika je, Agosti 1998? Pale waliuawa mwami (chifu), padri, masista na waumini. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya nani? Kwa watu wetu waliovuka ziwa na mitumbwi. Nina shangazi waliozeeka ndani ya kambi ile. Waliingia wakiwa wasichana.

Sasa mtu anapokuja kuniambia nichunge ulimi, mimi nasikia kama ananiambia nisahau. Waliotufanyia yale hawakuchunga risasi. Na wewe mleta uzi, ukae na bibi yangu umweleze habari ya kupima pua. Yeye aliwaona kwa macho, na sura aliyoiona ndiyo anayoikumbuka.

#3 Mdau wa Kasulu

Naungana na mleta uzi kwa jambo moja nililoliona mwenyewe: ugomvi wa wakubwa hushuka chini haraka sana.

Mei 2013 Rais Kikwete alishauri Rwanda izungumze na FDLR. Kigali ikakasirika, maneno yakawa makali kati ya marais wawili. Miezi michache baadaye, Septemba 2013, ikaja Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na kwetu Kigoma. Serikali ilieleza sababu zake: ujambazi, mifugo, watu wasio na vibali. Mimi sisemi ugomvi wa marais ndio ulioizaa. Ninachosema ni kwamba mitaani watu waliyachanganya mambo hayo mawili yakawa kitu kimoja. Ghafla kila aliyedhaniwa Mnyarwanda akawa mpelelezi. Jirani yetu mmoja aliyeishi hapa tangu ujana, mke Muha, watoto wanaongea Kiha kuliko mimi, alifunga mlango akaondoka kabla hajafukuzwa. Waliomshauri aondoke walikuwa marafiki zake. Waliogawana mabati yake walikuwa majirani.

#4 Mleta uzi

Mdau wa Ujiji, pole, na mfikishie bibi shikamoo yangu. Mimi bibi yako simwelezi kitu. Aliyeona hafundishwi na asiyeona. Maneno yangu nayaelekeza kwetu sisi tunaokunywa kahawa Mwanga.

Makobola na Kasika zote zimo kwenye ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, ile iliyokusanya matukio 617 ya uhalifu mkubwa nchini Kongo kati ya mwaka 1993 na 2003. Tazama inavyoandika: kijiji gani, tarehe gani, kikosi gani, waliouawa ni wakina nani. Inawashtaki waasi wa AFDL na RCD, jeshi la Rwanda, la Uganda, la Burundi, wanamgambo wa Mai-Mai, jeshi la Kongo lenyewe. Kigali iliikataa kwa hasira kubwa kabla haijatoka rasmi, kwa sababu shtaka la namna hiyo linauma. Linamfuata kamanda mpaka alipo. Lakini ukisema "ni hawa wote", kamanda aliyetoa amri Makobola anapata nafuu, anajificha katikati ya watu milioni wasiojua hata Makobola iko wapi. Watoto wa Gatumba hawakuwapo Makobola, ndugu yangu. Mzigo wa kamanda yule ndio walioubebeshwa.

Kwa hiyo sikuambii usahau. Nakuomba utaje zaidi, utaje kwa majina.

Mdau wa Kasulu, hilo la mabati limeniuma sana. Ahsante kwa kuliweka hapa.

#5 Mdau wa Ulyankulu, Tabora

Naingia kutoka mkoa jirani. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, wakaletwa Ulyankulu, wakakata msitu, wakalima tumbaku na mahindi. Mimi nimezaliwa hapa. Mwaka 2014 serikali ilitangaza uraia kwa zaidi ya watu 162,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nchi chache sana duniani zimewahi kufanya jambo hilo kwa wakimbizi wengi namna ile, na mimi nitaishukuru Tanzania mpaka kaburini.

Halafu Mei 2015 likatokea jaribio la mapinduzi Bujumbura dhidi ya Rais Nkurunziza. Nikaenda mjini Tabora kuuza mazao, mnunuzi wangu wa siku zote akaniuliza, "Nyie mnamtaka Nkurunziza au hammtaki?" Nikamwambia mimi ni mpiga kura wa Tanzania. Akasema haya, lakini moyoni? Tangu hapo Burundi ikikohoa tu, naulizwa mimi. Natakiwa nitoe tamko kuhusu nchi ambayo sijawahi kukanyaga. Nikisema sina maoni, naonekana naficha. Nikitoa maoni, ndiyo ushahidi kwamba moyo wangu uko kule.

Mtu asiyepitia hali hii hudhani ni utani. Mimi nimefika mahali redio ikitangaza habari za Burundi sokoni, naondoka taratibu kabla haijaisha.

#6 Mdau wa Gungu

Wakuu, mbona mnaongelea Kongo na Burundi tu? Gaza hamuioni? Kule ndiko matusi yamezidi, na hapa Kigoma watu wamegawanyika msikiti na kanisa.

#7 Mleta uzi

Naiona, mkuu, na ugonjwa ni uleule. Mkristo akisikitikia watoto wa Gaza anaulizwa amesilimu lini. Mwislamu akisema mateka waachiwe anaitwa msaliti wa dini. Oktoba 7, 2023 vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa kwenye mafunzo ya kilimo Israel waliuawa, na mimi nilimsikia mtu akiuliza kwanza dini yao ndipo atoe pole. Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku, na ni chini yake mwaka 1973 Tanzania ilivunja uhusiano na Israel. Alipima jambo lenyewe: ardhi, uvamizi, haki ya watu kujitawala. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga kwa hoja, bila kuuliza anasali wapi.

Nimeipa Kongo nafasi kubwa kwa sababu moja tu. Mwisraeli na Mpalestina hawapiti Mwanga sokoni. Fundi simu anapita.

Kuna jambo jingine linalozidisha joto, nalo ni hizi video za wasap. Kuna moja ilizunguka hapa ikisema "Bukavu jana, angalieni wanavyotumaliza". Mwenye simu alikuwa anatetemeka kwa hasira. Nikamwomba airudishe nyuma, tukaisimamisha. Vibao vya maduka, kimoja baada ya kingine, vimeandikwa Kiarabu, na ardhi ni tambarare ya mchanga mpaka upeo wa macho. Bukavu ni mji wa milima, umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, na vibao vyake ni vya Kifaransa na Kiswahili. Waliokufa kwenye ile video ni binadamu waliouawa kweli, sijui wa nchi gani, na vifo vyao vilikuwa vimekuja kutumika Kigoma kumchukia mtu asiyehusika. Jamaa aliifuta. Lakini ilikuwa imeshapita makundi mangapi?

Kwa hiyo wanaoendesha makundi ya wasap ya wafanyabiashara wa Kibirizi na Ujiji, nawaomba hili: video isiyo na mahali wala tarehe isikae humo. Na anayeandika "hawa" aulizwe papo hapo anamaanisha jeshi gani au serikali gani. Akishindwa kujibu, ujumbe uondolewe.

#8 Mdau wa Ujiji

Mleta uzi, nimekuelewa kwenye suala la kamanda. Hilo silipingi.

Lakini bado sijakubali kwamba lawama ziko sawa pande zote kama ulivyogusia pale juu. Rwanda imeingia Kongo mwaka 1996, ikaingia tena 1998, na sasa hivi tena. Juni 27, 2025 wamesaini makubaliano Washington, na watu wetu bado wanavuka ziwa. Mimi nataka mahakama ya kimataifa ya Kongo, kama Arusha ilivyokuwa kwa Rwanda. Ripoti ya 2010 iliigusia njia ya mahakama na mpaka leo haijaundwa. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Na yule mzee wa Mwanga aende akamtafute yule kijana upande wa pili wa soko, amwambie samahani mbele ya walewale waliocheka.

#9 Mleta uzi

Sikusema ziko sawa, mkuu. Nilisema zina wenyewe.

Hilo la mahakama lifungulie uzi wake. Weka Makobola, weka Kasika, weka vijiji vya Fizi ambavyo bibi anavikumbuka, na tarehe zake kama anazo. Kama anaruhusu nije Ujiji nimwandikie anayosimulia, niambie siku ipi inamfaa, maana kwa umri wake jambo hili halifai kusubiri. Nitakuja na daftari.